Mazoezi kwa akina mama wa miaka 60 na kuendelea wenye presha: mwongozo kamili wa wiki 12 kwa wakazi wa Mwanza

Wengi huanza Jumatatu wakiwa na ari, na wiki ya pili haijaisha wameshaacha. Ukiwauliza, sababu zinafanana. Mama ameanzia kwenye mlima ulio karibu na kwake. Ametembea kwa kasi kwa kuwa ameambiwa pasipo jasho hakuna mazoezi. Amerudi akihema, akajipima presha hapo hapo, akakuta 175, akaogopa. Mwingine goti limevimba siku ya tatu. Mwingine amejisikia vizuri hadi akaacha dawa, na mwezi uliofuata hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Makosa hayo yote yanazuilika kwa kufuata mpangilio. Mwongozo huu ni wa mama aliyekwisha kuambiwa ana presha ya kupanda, anahudhuria kliniki, na anaweza kutembea mwenyewe bila kushikiliwa. Aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, na anayesikia kifua kinabana akipanda ngazi, aonane na daktari kwanza ili apangiwe kiwango chake.

## Vitu vya kuandaa

- Mashine ya kupimia presha ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kufunga kifundoni mwa mkono hukosea kirahisi. Kama huna, kapimie kwa mwenzako aliye nayo, au kwenye zahanati ya karibu.
- Daftari na kalamu.
- Raba zenye soli isiyoteleza. Za mitumba kutoka Mlango Mmoja zinafaa, ila ikunje soli kabla ya kulipa: ikigoma kukunjika au ikionyesha nyufa, iache. Zijaribu alasiri, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na baadhi ya dawa za presha huongeza uvimbe wa vifundo.
- Kiti imara kisicho na magurudumu, chenye kimo cha karibu sentimita 45. Cha plastiki kinaruhusiwa endapo kimeegemezwa ukutani.
- Chupa 2 za maji za nusu lita. Kila moja ikijaa ina uzito wa nusu kilo.
- Saa au simu yenye saa.
- Gauni linaloishia katikati ya ugoko, na taiti ndani yake. Dera linaloburura chini limeangusha wengi, hasa kwenye ngazi za mawe. Kandambili usizivae kabisa.
- Mtu mmoja wa kutembea naye. Wenzako wa kikoba ni chaguo zuri, kwa kuwa tayari mnakutana kila wiki na mnajuana.

## Hatua ya 1: Jua presha yako ya kawaida

Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 3 mfululizo, kabla hujaanza zoezi lolote. Bila namba hizi hutajua baada ya wiki 12 kama umepiga hatua.

Nenda haja ndogo kwanza, kwa maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, usikunje nne. Weka mkono juu ya meza, usawa wa kifua. Tulia dakika 5 bila kuongea. Nusu saa kabla ya kupima usiwe umekunywa kahawa wala chai nzito, na usiwe umetoka kufua au kuchota maji. Kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi tupu, wala si juu ya mkono wa blauzi. Pima mara 2, katikati upumzike dakika 1, kisha andika wastani.

Kosa linalowapata wengi hapa ni ukubwa wa kitambaa. Chukua futi ya fundi cherehani, upime mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha kawaida hutosha mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mkono ukizidi hapo unahitaji kitambaa kikubwa. Kidogo kitakubana na kukupa namba ya juu kuliko presha yako halisi. Hata kliniki una haki ya kuuliza kwa upole, "Naomba kile kikubwa, mkono wangu ni mnene."

Sasa soma namba zako:

- Chini ya 160 kwa 100: unaweza kuanza.
- Namba ya juu 160 hadi 179, au ya chini 100 hadi 109: nenda kliniki kwanza dawa ziangaliwe upya. Wakati unasubiri, shughuli zako za kawaida za nyumbani zinatosha.
- Namba ya juu 180 na zaidi, au ya chini 110 na zaidi: usifanye mazoezi. Tulia dakika 10, upime tena. Ikibaki pale pale, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Namba ya juu chini ya 100, na unasikia kizunguzungu: usifanye mazoezi siku hiyo, toa taarifa kliniki.

Presha kubwa ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, macho kuona ukungu, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au maneno kukwama, hiyo ni dharura. Ukiwa mjini nenda Bugando, Sekou Toure au hospitali yoyote iliyo karibu zaidi, muda ule ule. Usijilaze kwanza kusubiri ipite.

Umefanikiwa iwapo: daftari lina wastani 6, asubuhi 3 na jioni 3, na hakuna uliofika 160 kwa 100.

## Hatua ya 2: Kagua dawa zako

Usiache dawa, usipunguze, usiruke siku ya mazoezi. Mazoezi hufanya kazi pamoja na dawa. Anayebadilisha dozi ni daktari, akishaona namba za daftari lako.

Toa paketi zote, usome majina kama yalivyoandikwa.

Atenolol, bisoprolol, carvedilol, propranolol. Hizi huzuia moyo kwenda mbio. Ukihesabu mapigo utadhani hujafanya kitu, ukaongeza kasi, ukajichosha kupita kiasi. Mwenye dawa hizi asitumie mapigo kama kipimo. Atumie kipimo cha kuongea kilicho kwenye Hatua ya 5.

Hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, furosemide. Hizi huondoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Wapo akina mama walioacha mazoezi kwa sababu hii tu na hawakumwambia mtu: mkojo unawabana njiani, au unachuruzika wakitembea. Dawa za furosemide hufanya kazi kwa nguvu saa za mwanzo baada ya kumezwa, hivyo tembea kabla ya kumeza au muulize mhudumu wa kliniki muda unaofaa. Chagua njia yenye choo, nenda haja kabla ya kutoka, na vaa pedi bila kuona haya. Kila siku kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, sekunde 5, kisha legeza sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Inachukua wiki kadhaa kuleta nafuu, lakini huleta. Ukipata misuli kukakamaa mara kwa mara, sema kliniki. Yawezekana madini ya potasiamu yamepungua.

Amlodipine, nifedipine. Hulegeza mishipa. Ukisimama ghafla baada ya kutembea, damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka. Kwa mwenye dawa hizi, Hatua ya 6 ni ya lazima.

Captopril, enalapril, lisinopril, losartan. Nazo zinaweza kuleta kizunguzungu ukiinuka haraka, hasa ukiwa umetoka jasho na hujanywa maji.

Halafu kuna dawa za maumivu. Goti likiuma, wengi hukimbilia diclofenac au ibuprofen duka la dawa. Zote mbili hupandisha presha, hudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa za presha na kuumiza figo. Mama anafanya mazoezi kwa bidii, presha haishuki, kumbe kila jioni anameza diclofenac. Mwambie mfamasia una presha kabla hajakupa dawa yoyote ya maumivu.

## Hatua ya 3: Chagua njia tambarare

Mwanza ni mji wa mawe na milima, na hapa ndipo mazoezi mengi hufia. Kupanda mlima huufanya moyo ufanye kazi kubwa ghafla, kabla mwili haujapata joto. Kushuka nako huyabebesha magoti uzito mzito zaidi kuliko kutembea sawasawa.

Tafuta sehemu isiyo na mwinuko. Uwanja wa shule ya msingi saa ambazo hakuna masomo unafaa sana. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Kuuzunguka uwanja wa mpira wa kawaida kwa nje ni karibu mita 350, hivyo ni rahisi kujipima, na ukichoka hujaenda mbali. Maeneo ya karibu na uwanja wa ndege ni tambarare, na mjini kuna sehemu za kando ya ziwa karibu na Jiwe la Bismarck. Epuka pembezoni mwa barabara kubwa ambako bodaboda hupita hata sehemu za waenda kwa miguu.

Anayeishi mlimani kama Mabatini, Igogo, Isamilo au mitaa ya juu ya Bugando ana tatizo la peke yake: akishuka kwenda kutembea, sehemu ngumu kuliko zote, yaani kurudi nyumbani, inamkuta amechoka. Ana njia mbili.

Ya kwanza ni kufanya zoezi lote nyumbani kwa wiki 6 za mwanzo. Ua wenye urefu wa mita 15 unatosha: kwenda na kurudi mara 10 ni mita 300. Kama hata ua hakuna, shika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja na upige mguu pale pale, ukiinua goti kidogo tu, kwa muda ule ule uliopangwa. Moyo hauulizi kama umesogea au hukusogea.

Ya pili, kuanzia wiki ya 7, ni kushuka na kuhesabu kupanda kama sehemu ya zoezi. Tembea chini dakika 10 pungufu ya ulizopangiwa, kisha panda polepole: ngazi au hatua 20, simama ukiwa umeshika ukuta, vuta pumzi mpaka uweze kuongea vizuri, panda nyingine 20. Usibebe kitu. Ndoo ya lita 20 kichwani ina uzito wa kilo 20, na kuipandisha mlimani baada ya mazoezi ni kuomba shida.

Usitembee ndani ya maji ya ziwa. Ushauri huo husikika sana kwa wenye magoti mabovu, kwa hoja kwamba maji hubeba uzito. Ni kweli hubeba, lakini Ziwa Victoria lina kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi ukiwa umesimama tu majini, na kuna sehemu zenye mamba na viboko. Anayeishi visiwani Ukerewe au vijiji vya ufukweni atembee kwenye njia ya udongo uliokaza. Mchanga laini huzamisha kisigino na kuvuta mshipa wa nyuma ya mguu.

Saa ya kutembea. Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, kwa hiyo saa 11 alfajiri bado ni giza. Mashimo hayaonekani na vibaka wapo. Toka saa 1, urudi kabla ya saa 3, jua halijawa kali. Jioni, saa 11 hadi saa 12 na nusu. Msimu wa mvua, Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei, mawe huteleza. Siku hizo fanya ndani.

Umefanikiwa iwapo: unaweza kwenda na kurudi kwenye njia yako bila kusimama kwa ajili ya mwinuko.

## Hatua ya 4: Jiandae, upashe mwili dakika 7

Ukiamka usiruke kitandani. Kaa ukingoni dakika 2, ndipo usimame. Kunywa kikombe 1 cha maji na nusu kikombe cha uji au kipande cha kiazi. Kutembea tumbo tupu ukiwa umemeza dawa ni chanzo kikubwa cha kuanguka, na mwenye kisukari pia abebe pipi 3 mfukoni. Aliyepangiwa kiasi cha maji kwa ajili ya moyo au figo abaki na kiasi hicho.

Kisha:

1. Ukiwa umekaa, zungusha vifundo vya miguu, mara 10 kila upande.
2. Nyoosha goti moja mbele, lirudishe, mara 10 kila mguu.
3. Zungusha mabega nyuma mara 10, mbele mara 10. Shingo igeuze kulia na kushoto tu, usiizungushe.
4. Simama ukishika kiti, piga mguu pale pale dakika 1.
5. Tembea polepole dakika 3.

Mishipa inahitaji muda kufunguka. Ukianza kwa kasi, presha hupanda kwa mshtuko. Ukianza taratibu, hupanda kidogo kidogo kadiri misuli inavyodai damu.

## Hatua ya 5: Tembea, kwa dakika na si kwa umbali

Hili ndilo zoezi lenyewe. Mengine yote yanalisaidia.

Kipimo cha kuongea. Unapotembea, uweze kusema sentensi nzima kwa mwenzako bila kukatisha, lakini ukijaribu kuimba ubeti wa wimbo wa kwaya au kasida, pumzi isitoshe. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mara moja. Mwendo huo kwa wengi ni karibu hatua 100 kwa dakika. Hesabu nusu dakika, upate hatua kama 50. Ukipata 45 na kipimo cha kuongea kimekubali, umefika. Kuongea ndiko kunakoamua.

Mpango wa wiki, siku 5 kila wiki:

- Wiki ya 1 na 2: dakika 10
- Wiki ya 3 na 4: dakika 15
- Wiki ya 5 na 6: dakika 20
- Wiki ya 7 na 8: dakika 25
- Wiki ya 9 hadi 12: dakika 30

Ukifika dakika 30 kwa siku 5 unapata dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Dakika 30 unaweza kuzigawa, 15 asubuhi na 15 jioni, na faida ni ile ile.

Dakika 10 za mwanzo zitaonekana chache mno. Zifuate hivyo hivyo. Moyo huzoea haraka, lakini maungio na mishipa ya magoti ya mama aliyekaa miaka bila kutembea kwa mpangilio huchelewa, ndiyo maana anayeanza na nusu saa huvimba goti siku ya tatu.

Tazama mbele mita 5, si vidoleni. Kisigino kitangulie kugusa chini. Mikono ilegee, usikunje ngumi, na simu ikae mfukoni.

"Lakini mimi nafua, napika, nafagia, hayo si mazoezi?" Kazi hizo ni za vipande vipande, moyo hupanda na kushuka bila kukaa kwenye kiwango kimoja, na nyingi hufanywa umeinama au umebana pumzi. Ziendelee, ila zisichukue nafasi ya matembezi.

Simama mara moja ukisikia kifua kubana au kuuma, maumivu yanayokwenda taya au mkono, moyo kurukaruka, kizunguzungu, jasho la baridi, au kuhema kusikotulia. Kaa chini, mwite mwenzako. Maumivu ya kifua yasipoisha ndani ya dakika 5 za kupumzika, nenda hospitali. Dalili za kiharusi zilizotajwa Hatua ya 1 hazisubiri dakika hata moja.

Umefanikiwa iwapo: dakika 10 baada ya kumaliza, kuhema kumeisha, na kesho yake huna maumivu yanayokubadilisha mwendo. Misuli kuuma kidogo ni kawaida. Goti kuvimba au kuwa na joto si kawaida. Likivimba, pumzika siku 2, rudi dakika za wiki iliyopita.

## Hatua ya 6: Poza mwili dakika 5

Usikae wala kusimama wima ghafla. Punguza mwendo dakika 3 hadi uwe wa kutembea sokoni, kisha shika kiti, inua visigino taratibu mara 10. Misuli ya nyuma ya mguu ikikaza na kulegea, inasukuma damu irudi juu. Baada ya hapo kaa, kunywa maji. Usiongeze chumvi kwenye maji wala chakula kwa hoja kwamba umetoka jasho. Matembezi haya hayapotezi chumvi ya kuhitaji kufidiwa, na kwa mwenye presha isizidi kijiko 1 cha chai kwa siku, ikihesabiwa iliyo kwenye mboga na samaki wa chumvi.

Usijipime presha sasa. Wakati wa zoezi namba ya juu hupanda kwa kila mtu, hata mwenye afya njema kabisa. Ile 175 inayotisha ni kazi ya moyo iliyotoka kufanyika. Subiri angalau nusu saa, ukiwa umekaa. Mara nyingi utakuta imeshuka chini ya ile ya asubuhi, na hali hiyo inaweza kudumu saa kadhaa. Kwa kuwa mshuko huo hautunzwi mwilini kwa siku nyingi, matembezi mafupi ya siku 5 yanasaidia kuliko ya saa 2 kila Jumamosi.

## Hatua ya 7: Nguvu, kuanzia wiki ya 3

Siku 2 kwa wiki, mfano Jumanne na Ijumaa. Awamu 2 za kila zoezi, na upumzike dakika 1 hadi 2 katikati.

Sheria moja itangulie zote: usibane pumzi. Ukibana pumzi na kukaza tumbo, kama mtu anayeinua gunia, presha huruka juu sana kwa sekunde chache, halafu hushuka ghafla. Toa pumzi wakati wa kazi ngumu, vuta wakati wa kurudi. Njia rahisi ni kuhesabu kwa sauti, kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

1. Kuinuka kitini, mara 8. Kiti ukutani, miguu upana wa mabega, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Inamia mbele, toa pumzi, inuka. Rudi kwa kuhesabu hadi 3, usijitupe. Goti likiuma, ongeza kimo kwa blanketi lililokunjwa. Ukishindwa, sukuma kwa mikono kwenye mapaja.
2. Kusukuma ukuta, mara 8. Simama umbali wa mkono, viganja usawa wa mabega. Kunja viwiko, sogea ukutani, toa pumzi ukisukuma kurudi. Sakafu ikiwa ya vigae, vaa raba.
3. Kuinua visigino, mara 10, ukishika meza.
4. Kukunja mkono na chupa, mara 8 kila upande, ukiwa umekaa. Chupa usiikamue.

Kuanzia wiki ya 6 ongeza hadi mara 10, wiki ya 9 hadi mara 12. Chupa zikiwa nyepesi, tumia za lita 1. Usinyanyue uzito juu ya kichwa, usiinamishe kichwa chini ya kiuno, wala usilale chali kisha uinuke haraka.

Kipimo: wiki ya 3 na ya 12, hesabu unainuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani. Kwa mama wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni dhaifu. 65 hadi 69, chini ya 11. 70 hadi 79, chini ya 10. Ukiongeza mara 2 tu, ngazi za nyumbani zitakwambia.

## Hatua ya 8: Usawa wa mwili

Siku 3 kwa wiki, dakika 3 zinatosha. Simama kando ya ukuta, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, kisha badilisha. Ukiweza bila kuyumba, jaribu mguu mmoja ukishika ukuta kwa vidole 2. Mwenye dawa zinazoleta kizunguzungu, mtu awe karibu. Nyonga iliyovunjika humlaza mama miezi.

## Baada ya wiki 12

Rudia vipimo vya Hatua ya 1, siku 3, saa zile zile, mkono ule ule. Mazoezi ya aina hii kwa mwenye presha ya kupanda hushusha namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Aliyeanza na 152 akifika 145 amefanikiwa, ingawa bado anahitaji dawa. Peleka daftari kliniki.

Namba zisiposhuka kabisa, angalia mambo haya kwa mpangilio huu: dawa zimerukwa siku ngapi, diclofenac, chumvi, kitambaa cha mashine, kisha dakika halisi za kutembea. Mara nyingi jibu ni moja kati ya mawili ya kwanza.

## Ukikatiza

Wakati wa homa au malaria usifanye zoezi lolote; anza tena siku 2 baada ya homa kuisha. Ukikosa wiki 1, rudi ukiwa na dakika 5 pungufu. Ukikosa wiki 3 au zaidi, rudi ngazi 2 nyuma kwenye mpango: aliyekuwa dakika 25 aanze na 15.

Anayefunga Ramadhani ahamishie matembezi saa 1 au zaidi baada ya futari, dakika 15 hadi 20, mahali penye taa au uani. Ratiba ya dawa iulizwe kliniki wiki mbili kabla ya mfungo. Anayekwenda msibani au shambani kwa siku nyingi abebe raba na dawa za kutosha, na afanye angalau dakika 10 za kupiga mguu pale pale kila asubuhi kabla shughuli hazijaanza.